Majina na Vitenzi vya Ulemavu: Uhakiki wa Kiswahili cha Haki kwa Mifano ya Dodoma

Ni ada ya wahakiki kushika kitabu kimoja na kukipima. Leo sikushika kitabu. Nimeshika lugha ya namna moja, nayo ni Kiswahili kitumikacho katika sera, sheria, hotuba na habari zihusuzo watu wenye ulemavu. Kiswahili hiki kimekua katika muda wa miaka ishirini na kitu. Kina istilahi zake, kina adabu zake, na sasa kina nguvu ya serikali nyuma yake. Yafaa basi kihakikiwe kama uhakikiwavyo utenzi au riwaya: tuulize chasema nini, chanyamaza wapi, na kama yule kinayemtaja angejitambua ndani yake. Mifano yangu mingi naitoa Dodoma na uwanda wa kati. Bunge lililotunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, hukutana mjini humo. Na katika nchi hiyo hiyo ya ukame na vumbi maneno ya sheria hupata kipimo ambacho hayakukipata mezani.

Dai langu laweza kuelezwa kwa maneno machache. Tumetumia juhudi kubwa kuyasafisha majina ya watu hawa, na juhudi hiyo ilistahili. Lakini tumeviacha vitenzi kama vilivyokuwa, ilhali haki hukaa zaidi katika kitenzi kuliko katika jina.

Nianze na shtaka lililozoeleka. Nilipokuwa mwanafunzi ng'ambo nilisikia mara nyingi ikidaiwa kwamba Kiswahili humhesabu mwenye dosari ya mwili kuwa kitu, kwa kuwa kipofu, kiziwi, kiwete, kibogoyo, kichaa na kilema yote yamo katika ngeli ya KI-VI pamoja na kiti na kisu. Shtaka hili lina sura ya ukweli, nalo limesaidia kuleta mageuzi mema. Lakini kwa mwanasarufi halitoshi. Kwanza, ngeli hiyo ina kijana, kiongozi, kinyozi na kiumbe, wala sijasikia kiongozi akilalamika kwamba amefananishwa na kiti. Pili, na hili ndilo kubwa, Kiswahili sanifu hakiyapatanishi majina haya kama majina ya vitu. Twasema kipofu mmoja amefika, vipofu wawili wamefika, kiziwi huyu ni mwerevu. Jina limevaa kiambishi cha vitu, lakini sentensi nzima yamshuhudia kuwa ni mtu. Tusi huanza pale msemaji anapoamua kwa hiari yake kusema kipofu kile kimefika, kama asemavyo kijitu kile kimekuja. Hapo ngeli haikumtukana mtu. Aliyemtukana ni msemaji, na tusi lake amelitia katika upatanisho.

Kasoro ya kweli ya jina kilema ni nyingine. Neno hili lina maana mbili: dosari yenyewe, kama katika ana kilema cha mguu, na mtu aliye na dosari hiyo, kama katika yule kilema. Vivyo hivyo kichaa ni ugonjwa, tena ni mgonjwa. Mtu na jambo lililompata huitwa kwa jina moja, hata mtu akamezwa na jambo. Hapa ndipo mageuzi yalipoleta faida. Kutokana na kitenzi lemaa tulipata ulemavu kwa hali na mlemavu kwa mtu, na viambishi viwili vikatenga kilichokuwa kimechanganyika. Hatua iliyofuata, mtu mwenye ulemavu, ilimtanguliza mtu mbele ya hali yake. Wala neno mwenye halina unyonge katika lugha yetu: mwenye nyumba, mwenye shamba na mwenye mji ni watu wa kuheshimiwa, na mahakamani aliyeshinda ni mwenye haki. Aliyechagua neno hili alichagua vema.

Hata hivyo, majina haya hayakwenda njia moja, na tofauti yake yafundisha. Wasioona walichagua kulisogeza jina kipofu kando. Shule ya Buigiri, iliyo katika wilaya ya Chamwino kwenye barabara ya kwenda Morogoro, ilianzishwa mwaka 1950 chini ya misheni ya Kianglikana, nayo leo hujulikana kuwa shule ya wasioona. Viziwi hawakufanya hivyo. Chama chao ni Chama cha Viziwi Tanzania, yaani CHAVITA, na jina la ngeli ya KI-VI limo waziwazi katika anwani yake. Jina wanalolikataa ni bubu, nao wana hoja: mtu mwenye Lugha ya Alama ya Tanzania, awezaye kusimulia kisa, kutania na kubishana kwa mikono yake, hawezi kuitwa bubu pasipo kumsingizia. Basi kundi moja limekataa jina la KI-VI na kundi jingine limelishika. Mhakiki akitaka kanuni moja ya kuwatawala wote wawili ataikosa katika ngeli. Ataipata katika jambo moja tu, kwamba kila mmoja alijichagulia.

Asiseme mtu kwamba mambo ya majina ni mchezo wa wasomi. Katika mauaji na mashambulio dhidi ya watu wenye ualbino, yaliyotangaa hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa kuanzia miaka ya 2006 na 2007, palikuwa na watu njiani waliowaita dili, yaani biashara yenye faida. Jina zeruzeru lilikuwa limekwisha kumweka mtu kando. Jina dili likamweka sokoni. Mwaka 2008 Rais alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwenye ualbino, kuwa mbunge, na tangu hapo Bunge la Dodoma likawa na sauti iliyolizungumza jambo hili kwa nafsi ya kwanza. Jina baya laweza kumtangulia panga. Nalikubali hilo bila shaka yoyote, na sitaki hoja yangu isomwe kama dharau kwa waliopigania majina mema.

Lakini jina jema nalo huchakaa. Mfano umo Dodoma mjini. Hospitali ya Mirembe imewatibu wagonjwa wa akili tangu miaka ya 1920. Katika masikio ya Mganda neno hilo ni la amani. Katika mazungumzo ya Watanzania wengi limekuwa neno la kumwumbua mtu: ukisema fulani ni wa Mirembe, umekwisha mtoa katika kundi la wenye kusikilizwa. Hakuna aliyeuchafua mji wala hospitali kwa makusudi. Mahali palikuwa pa tiba, jina halikuwa na kosa, lakini fikra za watu juu ya wagonjwa hazikubadilika, na jina likanywa fikra hizo kama udongo unavyokunywa maji. Wahenga walikwisha kulisema: ukipenda, chongo utaita kengeza. Upendo wabadili jina, na ni jambo jema. Lakini jicho labaki lilivyokuwa, na anayeliangalia abaki na macho yake yale yale.

Sasa nije kwenye vitenzi, na nianze kwa hesabu, kwa kuwa hesabu haina hisia. Sensa ya mwaka 2002 iliuliza habari za ulemavu kwa kutaja aina zake, na jibu lake lilikuwa takriban asilimia 2 ya watu wote. Utafiti wa ulemavu wa mwaka 2008 uliacha jina ukauliza kitendo: je, mtu ana shida ya kuona hata akivaa miwani, ana shida ya kusikia, ya kutembea au kupanda ngazi, ya kukumbuka, ya kujihudumia, ya kuwasiliana? Jibu lilikuwa asilimia 7.8 ya watu wenye umri wa miaka 7 na zaidi. Sensa ya mwaka 2022, iliyofuata njia hiyo ya kuuliza, ilipata asilimia 11.2 kwa umri huo huo. Najua kwamba misingi ya hesabu hizi hailingani kabisa, kwa kuwa moja iliwahesabu watu wote na nyingine ziliwaacha watoto wadogo. Pamoja na hayo, haiwezekani kwamba Watanzania walilemaa karibu mara nne katika miaka sita. Kilichobadilika zaidi ni sarufi ya swali. Ukimwuliza bibi wa Mpwapwa kama nyumbani mwake mna mlemavu, atasema hamna, kwa kuwa neno hilo kwake ni la mtu mwingine, wa nyumba nyingine. Ukimwuliza kama aona vema kutia uzi katika sindano, atakueleza habari za macho yake tangu mwaka wa njaa. Jina lilimficha, kitenzi kimemfichua. Na kwa kuwa fedha, vifaa na walimu hugawanywa kwa hesabu, aliyefichwa na jina hukosa fungu lake.

Mfano wa pili ni wa ugonjwa wa macho ambao wenyeji wa uwanda wa kati huujua kwa jina la vikope, na waganga kwa jina la trakoma. Wilaya ya Kongwa imechunguzwa kwa habari ya ugonjwa huu tangu miaka ya 1980, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani wakifanya kazi pamoja na Watanzania. Vijidudu hupita kutoka uso hadi uso kwa mikono, kwa nguo na kwa nzi, hasa miongoni mwa watoto. Mtu akiambukizwa mara nyingi, kope la juu hupata makovu, hujikunja kuelekea ndani, na nywele zake huikwaruza mboni kila apepesapo. Wanawake huumia zaidi, kwa kuwa ndio wanaokaa na watoto. Dawa ipo, na upasuaji wa kope upo. Lakini kinga iliyopimwa Kongwa ni pamoja na jambo jepesi la kutaja na gumu la kulipata, nalo ni kunawa uso, mahali ambapo ndoo ya maji hutoka mbali.

Hebu tuyatazame maneno yetu kwa habari ya mama huyu wa Kongwa. Twaweza kusema ni kipofu, na hapo tumemaliza. Jina halina historia. Twaweza kusema ni mtu asiyeona, na tumekuwa na adabu. Lakini bado historia haimo. Twaweza kusema amepofuka, na sasa muda umeingia: kulikuwa na kabla na kuna baada, ingawa jambo laonekana kujifanya lenyewe. Kisha twaweza kusema amepofushwa, au ukosefu wa maji umempofua. Na hapa, kwa mara ya kwanza, sentensi yauliza nani au nini. Mzizi ni ule ule mmoja. Kiswahili kimetupa ngazi nzima, kutoka hali hadi sababu, na sisi tumezoea kusimama katika kidato cha chini.

Vivyo hivyo kwa kitenzi lemaa. Kauli yake ya kutendesha ni lemaza. Katika Uingereza na Marekani wanaharakati na wanazuoni walihitaji miaka mingi ya mabishano, tangu miaka ya 1970, kuwafahamisha watu kwamba dosari ya mwili ni jambo moja, na kwamba jamii kumzuia mwenye dosari hiyo ni jambo la pili. Kiswahili kina neno la jambo hilo la pili tayari: ngazi humlemaza mtu wa kiti cha magurudumu, kitabu cha wino humlemaza asiyeona, baraza lisilo na mkalimani humlemaza kiziwi. Neno li wazi, halikuazimwa, kila mtu alifahamu. Lakini sikumbuki kulisikia katika hotuba za maadhimisho, ambamo walemavu wamo tele na hakuna aliyewalemaza.

Badala yake, Kiswahili cha haki kimejaa kauli ya kutendwa na kauli ya kutendea. Watu wenye ulemavu husaidiwa, hupewa, huhudumiwa, hukumbukwa, huwezeshwa. Waandalizi huandaa hafla kwa ajili yao. Tazama hata jina la waraka mkuu wa mwaka 2004: Sera ya Taifa ya Maendeleo na Huduma kwa Watu Wenye Ulemavu. Kwa ni kihusishi cha mpokeaji. Linganisha na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009: Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Za ni kihusishi cha mwenye mali. Kati ya kwa na za pana safari ndefu kuliko ile ya kutoka kilema hadi mtu mwenye ulemavu, ingawa silabi zenyewe ni mbili tu. Kinachokuja kwa mtu chaweza kucheleweshwa, na mtu akaambiwa ashukuru. Kilicho cha mtu kikicheleweshwa, amedhulumiwa.

Nitaeleza kisa kimoja, kwa kuwa kilinifundisha hili kuliko vitabu. Siku moja mjini Dodoma nilimkuta mzee wa Kigogo chini ya ngazi za ofisi moja, juu ya baiskeli yake ya magurudumu matatu. Alikuwa amekuja kuulizia mkopo wa kikundi chake, ule utokao katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo kwa sheria asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Dawati la mkopo lilikuwa ghorofani. Kijana mmoja wa ofisi, mwenye heshima zote, alishuka akamwamkia, akasema, “Mzee, subiri kidogo, utabebwa.” Mzee akajibu bila hasira, “Mwanangu, mimi sikuja kubebwa. Nimekuja kuuliza.” Kijana hakuwa na kosa la adabu, hakumwita kilema wala kiwete. Kosa lilikuwa katika kauli ya kitenzi, na kauli hiyo ilikuwa imejengwa kwa saruji kabla kijana hajaajiriwa. Mwishowe karatasi ndizo zilizoshuka, na mzee akaulizia mkopo wake pale chini, juani.

Sheria ya mwaka 2010, ukiisoma, yamwelekea mzee kuliko yamwelekeavyo kijana. Yataka majengo ya umma yafikike. Yataka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu kwa kiwango kisichopungua asilimia 3. Huyu si mtu wa kubebwa. Ni mfanyakazi na mwenye kuuliza. Lakini sheria hiyo ilitungwa kwa Kiingereza, na mageuzi ya sheria yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama yalikuja mwaka 2021. Kwa muda wa zaidi ya miaka kumi, haki zilikuwa katika lugha moja na wenye haki katika lugha nyingine. Kilichowafikia kwa Kiswahili kilikuwa hasa hotuba, na hotuba ilikuwa ya msaada. Sishangai basi kwamba wengi walijifunza kuomba kile ambacho wangeweza kudai. Wala tafsiri ya Kiswahili pekee haimalizi kazi. Iliyochapwa kwa wino bila nukta nundu haisomwi Buigiri, na isiyotafsiriwa kwa lugha ya alama haimfikii kiziwi ambaye Kiswahili cha maandishi ni lugha yake ya pili.

Naona pingamizi mbili zenye uzito. Ya kwanza ni kwamba wako watu wahitajio kulishwa, kuogeshwa na kubebwa kila siku, nao wakinyimwa kauli ya kutendwa wananyimwa maisha. Ni kweli. Sitaki kauli hiyo ifutwe; nataka isiwe kauli ya pekee. Hata anayelishwa yuko aamuaye ale nini na saa ngapi, na sentensi yaweza kumwachia uamuzi huo: twaweza kusema amelishwa, na twaweza kusema ameomba alishwe. Pingamizi ya pili ni kwamba lemaza laweza kuisahaulisha maumivu ya mwili. Kope lililojikunja huuma, hata kama nchi nzima ingekuwa na njia za mteremko na wakalimani. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo maana nataka maneno yote mawili yawepo: lemaa kwa yale ya mwili, lemaza kwa yale ya watu. Lugha yenye yote mawili isipotumia ila moja, imeficha nusu ya habari.

Huenda msomaji akauliza kazi yetu ni ipi, sisi tulio wataalamu wa lugha na si wajenzi wala wabunge. Nadhani ni tatu. Kamusi zetu zisiishie kuandika kwamba jina fulani ni la dharau. Zioneshe pia vitenzi vya mizizi hiyo na mifano ya matumizi yake, ili mwandishi wa sheria avikute tayari. Wafasiri wa sheria, ambao sasa wana kazi nyingi, wapime kila kwa na kila wa kabla ya kuandika. Na istilahi zinazohusu watu hawa zisipitishwe kabla wenyewe hawajaulizwa, kwa kuwa tumekwisha kuona kwamba wasioona na viziwi, walipojichagulia, hawakuchagua sawa.

Mathias Mnyampala, mzaliwa wa Ihumwa, karibu na Dodoma, ndiye aliyeieneza ngonjera katika fasihi yetu, nayo ni ushairi usiowezekana pasipo wasemaji wawili. Barabara ipitayo kwao ndiyo hiyo iendayo Buigiri. Kiswahili cha haki kimekuwa kwa muda mrefu shairi la msemaji mmoja, mwenye moyo mwema na sauti nzuri. Dodoma inajengwa sasa; huko Mtumba, katika Mji wa Serikali, majengo mapya yanasimama, na kila jengo litakuwa na mlango wenye ngazi au mlango wenye njia ya mteremko. Wahenga husema hujafa hujaumbika, na maana yake ni kwamba ngazi hizo zatungoja sisi sote. Tungependa siku hiyo tuambiwe nini pale chini: subiri utabebwa, au karibu upande?